Paa Halivuji Mvua, Linavuja Joto

Februari mwaka huu, saa nne usiku, nilipanda ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa ya flati moja ya umma hapa Dar es Salaam, anakoishi shangazi yangu. Ngazi zilikuwa zimenikata pumzi, kwa hiyo nilipofika chumbani kwake niliegemeza kiganja ukutani, nikakitoa upesi. Jua lilikuwa limezama saa tatu nzima nyuma, lakini ukuta ulikuwa bado wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Shangazi, mwanamke aliyevuka miaka sabini na anayeishi kwa dawa za presha, alikuwa amejilaza juu ya mkeka sakafuni, khanga mbichi kifuani, feni ikimrudishia fukuto lile lile. Godoro lilikuwa limesimamishwa pembeni.

"Shikamoo shangazi. Mbona chini?"

"Marahaba mwanangu. Hilo godoro silijui tangu Desemba. Ukililalia unaiva."

Mwaka juzi paa la jengo hilo lilivuja. Wapangaji wa juu wakaandika barua, mafundi wakaja, wakaziba, kila mtu akashukuru. Mwaka huu wakaandika barua nyingine, ya joto. Akaja kijana mmoja na fomu ya ukaguzi: nyufa, mabomba, nyaya, rangi, kuvuja. Alizunguka chumba chote akiweka alama, na alipomaliza shangazi akamwuliza, je, hili joto umeliandika wapi? Kijana akaitazama fomu juu na chini, akasema kwa upole, "Mama, hili ni joto la Dar tu. Hata kwangu lipo."

Simlaumu kijana yule. Alisema anachokiamini, na ndicho wanachokiamini wengi wetu, wakiwamo wanaosaini michoro ya nyumba za umma. Mvua ikiingia ndani, nyumba ni mbovu na mwenye nyumba anawajibika. Joto likiingia ndani, hiyo ni hali ya hewa na mpangaji avumilie. Mimi nasema joto la barabarani ni la hali ya hewa, lakini joto la saa nne usiku ndani ya chumba, wakati nje watu wamekaa wanapunga upepo, limetengenezwa na nyumba. Ni ubovu wa jengo sawasawa na bomba lililopasuka, na pale ambapo mwenye jengo ni umma, umma ndio unaodaiwa.

Tazama linavyotokea. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na usiku hushuka kidogo tu, hadi karibu 25. Hewa imejaa unyevu wa bahari. Paa la zege linapigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni, na zege ni kitu kizito: linalimeza joto polepole na kulitema polepole. Kinachoingia juu saa saba mchana kinajitokeza chini darini jioni na usiku, pale pale familia inapotandika. Kuta zinazotazama magharibi zinafanya vivyo hivyo baada ya kupokea jua la alasiri. Mtu wa ghorofa ya kwanza ana majirani juu yake wanaompokelea jua. Wa ghorofa ya mwisho hana wa kumpokelea.

Na mwili unautegemea usiku. Mchana moyo unafanya kazi ya ziada kusukuma damu karibu na ngozi ili joto litoke, jasho linatoka, maji na chumvi vinapungua. Usiku ndio wakati wa kupumzika na kufidia. Chumba kisipopoa, moyo haupumziki. Jasho nalo halisaidii kwa kutoka, linasaidia kwa kukauka, na kwenye unyevu wa pwani linabaki linatiririka tu. Ndiyo maana nyuzi 33 za Dar zinachosha kuliko nyuzi 38 za mahali pakavu, jambo ambalo anayesoma namba tu kwenye simu halioni.

Shangazi anakunywa kila asubuhi kidonge cha presha, kile kinachompeleka chooni mara kwa mara. Dawa hiyo inatoa maji mwilini kwa makusudi. Joto nalo linatoa maji bila kuulizwa. Vikikutana viwili hivyo kwa mzee anayepunguza kunywa maji jioni kwa kuogopa kuamka usiku, kizunguzungu na kuanguka haviko mbali, na figo zinaumia kimyakimya. Mlango wa pili kuna mtoto mwenye seli mundu. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na kila mzazi wa mtoto wa namna hiyo amefundishwa kliniki kwamba mwili ukikaukiwa maji maumivu yanaanza. Mama yake anamwamsha usiku kumnywesha. Mtoto mchanga wa mlango wa mbele kidogo ana harara shingoni na mgongoni hadi ngozi imekuwa kama msasa. Hayo niliyaona kwenye korido moja, katika ziara moja, bila kutafuta.

Kuna dhara jingine la joto ambalo hatulihusishi nalo kabisa, nalo ni malaria. Watafiti waliouliza watu katika nchi nyingi kwa nini hawalali ndani ya chandarua wamekuwa wakipata jibu hilo hilo mara kwa mara: joto. Chandarua kinapunguza upepo, na kwenye chumba kinachochemka upepo kidogo ndio uhai. Kwa hiyo mama anakifunga juu kama pazia ili mtoto apate hewa, na mbu anapata mtoto. Serikali inagawa vyandarua bure kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine inajenga vyumba ambavyo ndani yake chandarua hakilaliki.

Babu zetu wa pwani hawakuwa na jibu kwa kila kitu, lakini kwa hili walikuwa nalo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina ukumbi katikati, ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uwani. Fungua milango miwili, upepo unapita kama umeitwa. Paa la makuti halihifadhi joto, na kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya wa hewa moto kutokea. Jiko lilikuwa uwani, mbali na vyumba vya kulala. Mbele kuna baraza, na jioni hakuna aliyelazimika kukaa ndani kungoja chumba kipoe. Mji Mkongwe na Lamu, walikojenga kwa mawe ya matumbawe, kuta zilipigwa chokaa nyeupe na vichochoro vikawa vyembamba hivi kwamba nyumba moja inaipa nyingine kivuli.

Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1962, kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuvunja nyumba za udongo sehemu kama Magomeni na Ilala na kujenga za matofali na bati. Upande wa pili wa maji, Zanzibar, baada ya Mapinduzi, Mzee Karume akasimamisha majumba ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, marefu na ya zege, katikati ya Ng'ambo iliyokuwa ya nyumba za chini. Sitaki kueleweka vibaya. Nyumba za udongo zilikuwa na kunguni, vyoo vya shimo na hofu ya moto, na aliyepewa flati yenye maji ya bomba alijiona binadamu kamili, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo. Wazo la kwamba mnyonge naye alale ndani ya ukuta imara ni moja ya mawazo mazuri kabisa ya enzi ile. Lakini tulipochukua ukuta imara tuliacha upepo nyuma, na hatukurudi kuuchukua.

Tena majengo mengi ya miaka ile ya 1960 na 1970 hayakuwa na kosa hili kwa kiwango cha sasa. Ukipita Upanga au katikati ya mji utayaona: varanda zenye kina, vivuli vya zege juu ya madirisha, kuta za ngazi zilizojengwa kwa matofali ya matundu, madirisha ya luva ambayo ukiyafungua yanafunguka yote. Aliyeyachora alijua yuko nchi ya joto na kwamba hakutakuwa na kiyoyozi. Kisha ukaja ukarabati. Matofali ya matundu yakazibwa kwa saruji, varanda zikageuzwa vyumba, na luva zikang'olewa kupisha madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Dirisha hilo ni zuri machoni, halipitishi vumbi. Lakini likiwa limefunguliwa kabisa, limefunguka nusu, maana kioo kimoja siku zote kinasimama nyuma ya kingine. Kwa shangazi walibadilisha madirisha yote mawili wiki moja, na upepo wake ukakatwa nusu kwa jina la maboresho.

Kwa nini asilale mlango wazi? Kwa sababu ni mwanamke mzee anayeishi peke yake kwenye korido inayopitwa na watu asiowajua. Mwaka 1995 jiji la Chicago lilipigwa na wimbi la joto katikati ya Julai, na ndani ya siku chache watu 739 zaidi ya kawaida wakafa. Wengi walikuwa wazee, maskini, wanaoishi peke yao, na baadhi walikutwa madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Watafiti waliofuatilia vifo vile walikuta pia kwamba kuishi ghorofa ya juu kabisa kuliongeza hatari ya kufa. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama hapo hapo kwenye neno ghorofa. Chicago iko mbali na sisi kwa kila hali, lakini dari ni dari.

Jambo jingine la Chicago linatuhusu zaidi. Daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo alipotangaza kwamba joto ndilo lililoua, meya akamtilia shaka hadharani. Watu wazee wanakufa kila siku, wana mioyo mibovu, kwa nini tuseme ni joto? Jibu lilikuja kwa kulinganisha vifo vya wiki ile na vya wiki kama hiyo miaka mingine. Ahmedabad, India, walifanya hesabu hiyo baada ya wimbi la joto la Mei 2010 na wakakuta vifo 1,344 vya ziada, na mwaka 2013 wakawa na mpango wa jiji zima wa kukabili joto. Hapa kwetu mzee akifariki Februari, cheti kinaandika moyo au presha, na si uongo. Lakini hakuna anayeuliza chumba chake kilikuwa na nyuzi ngapi usiku ule. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Jiji la ukubwa huo lina takwimu zake zote za kulinganisha Februari na Julai, kama kuna mwenye nia ya kuzipanga.

Watu wenye uwezo huniambia, mnunulie shangazi kiyoyozi. Tupige hesabu pamoja, maana ni hesabu ya LUKU na kila mmoja anaijua. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kila usiku inakula uniti 18 kwa mwezi. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja mdogo wa majumbani analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Feni yake basi ni shilingi 1,800. Kiyoyozi kidogo kinakula kati ya nusu uniti na uniti moja kwa saa. Chukua uniti sita kwa usiku mmoja. Siku ya kumi na tatu uniti 75 zimekwenda, na bado friji haijala wala taa haijawaka. Ukizoea kuvuka hapo unahamishiwa kundi la juu, shilingi 292 kwa uniti, na usingizi wa mwezi mmoja unakuwa zaidi ya shilingi 52,000. Kodi ya nyumba ya umma inawekwa chini ili mtu wa kipato kidogo aimudu. Kumpangisha kwa bei nafuu chumba kisicholalika bila kiyoyozi ni kumtoza kwa mkono wa kushoto kile alichosamehewa kwa mkono wa kulia. Halafu kiyoyozi chenyewe kinatapika moto wake nje, dirishani kwa jirani. Na wakati wa mgao, kama ule wa mwisho wa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, wote wawili wanakaa gizani wakitoka jasho.

Wenzetu wa nchi za baridi walilielewa jambo hili zamani, ila kwa upande mmoja tu. Marekani, kanuni za serikali kuu zinataka nyumba ya umma iwe na uwezo wa kupashwa joto wakati wa baridi. Hakuna anayemwambia mpangaji wa huko "hiyo ni baridi ya hapa tu." Kupoza wakati wa joto, hata hivyo, kanuni hizo hazidai. Mei 2022 wanawake watatu wazee walikutwa wamekufa kwenye jengo la wazee wa kipato cha chini mtaa wa Rogers Park, Chicago hiyo hiyo. Joto lilikuwa limekuja mapema, na mitambo ya jengo ilikuwa bado inapasha. Mwezi uliofuata baraza la jiji likabadili sheria: majengo ya namna hiyo lazima yawe na angalau ukumbi wa pamoja uliopozwa. Walichokifanya hakikuwa kikubwa. Walikubali tu kwamba joto la ndani lina mwenye kuwajibika.

Sasa tunajenga tena. Machi 2022 Rais Samia alizindua majengo ya Magomeni Kota kwa kaya 644 zilizongoja karibu muongo mzima baada ya kota zao kuvunjwa. Kenya, tangu sheria ya makazi ya bei nafuu ya 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, na sehemu ya majengo hayo inasimama Mombasa, penye jua na unyevu kama wetu. Fedha ni za watu. Wenye fedha wana haki ya kuuliza chumba kitalalika au hakilaliki.

Nasikia tayari hoja ya upande wa pili: nyumba hazitoshi, kwanza zipatikane, mambo ya upepo baadaye. Ningeielewa kama upepo ungekuwa ghali. Kugeuza jengo kwenye karatasi kabla ya kuchimba msingi, ili upande mrefu wenye madirisha utazame kaskazini na kusini na ubavu mfupi ndio upokee jua la asubuhi na la alasiri, hakugharimu hata mfuko mmoja wa saruji. Singapore, karibu kabisa na Ikweta, ambako wananchi wengi wanaishi kwenye nyumba za serikali, wamelifanya hilo kuwa desturi, na wakaacha sakafu ya chini ya majengo wazi, bila kuta, watu wakae kivulini. Nikiitazama ile sakafu naona baraza. Upepo wetu nao haujifichi. Nahodha yeyote wa jahazi alijua kaskazi inatoka wapi na kusi inatoka wapi. Sioni kwa nini mchoro wa jengo la ghorofa nane ujue kidogo kuliko nahodha.

Kwa majengo yaliyokwisha kusimama, kuna paa. Paa jeusi au la kijivu linakunywa jua, jeupe linalirudisha juu. Ahmedabad walianza mwaka 2017 kupaka mapaa ya mitaa ya maskini rangi nyeupe, wakitumia mpaka chokaa. Chokaa tunayo, na wapakaji tunao. Kuna pia kuzibua matofali ya matundu, kurudisha madirisha yanayofunguka yote na kuyawekea wavu wa mbu, kuweka dari chini ya zege ghorofa za juu, na kuwaruhusu wazee na wagonjwa wahamie ghorofa za chini vyumba vinapopatikana. Ila hivi vyote vitaendelea kuwa hisani ya msimamizi mwenye huruma mpaka joto liingie kwenye ile fomu. Mstari mmoja unatosha: chumba hiki, saa nne usiku, mwezi wa pili, kina nyuzi ngapi.

Wapangaji wa ghorofa ya shangazi hawakusubiri. Walichanga wenyewe hela ya chokaa na brashi, vijana wawili wakajitolea kupanda juu. Wakaambiwa paa si mali yao, waombe ruhusa kwa maandishi. Barua imeandikwa mwezi wa tatu, shangazi akaweka dole gumba chini ya jina lake kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Mifuko ya chokaa imepangwa kwenye korido, nje ya mlango wake, imefunikwa turubai isishike unyevu. Jibu halijaja, na kaskazi inarudi Desemba.